Grafini ya matabaka mawili yaliyozungushwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mjini Lubumbashi

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari na wa miaka ya kwanza ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, ambao wengi wao husoma fizikia kwa Kifaransa na kuijadili kwa Kiswahili mara tu wanapotoka darasani. Majibu yanachukulia kwamba msomaji anajua mkondo, volti na ukinzani ni nini. Mengine yote yataelezwa njiani.

Grafini ni kitu gani?

Ni tabaka moja la atomi za kaboni zilizojipanga kwa umbo la pembesita, kama sega la asali lisilo na asali. Ndani ya penseli mna grafiti, na grafiti ni matabaka mengi ya namna hiyo yaliyolaliana. Umbali kati ya atomi moja na jirani yake ndani ya tabaka ni nanomita 0.142, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walifanikiwa kutenga tabaka moja na kulipima mwaka 2004 kwa kuchambua grafiti kwa mkanda wa gundi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2010.

Kuzungusha tabaka moja juu ya lingine kunabadilisha nini?

Jibu zuri zaidi mtu hulipata kwa macho yake. Chukua kipande cha chandarua kilichochakaa, kama vile vinavyouzwa katika soko la Kenya hapa mjini, ukikate mara mbili, kisha uvishikilie vipande vyote viwili mbele ya dirisha, kimoja juu ya kingine. Matundu ya vyandarua vingi yana umbo linalokaribia pembesita, na kutoka tundu hadi tundu ni milimita 2 hivi. Vipande vikilingana barabara, utaona chandarua kimoja tu. Zungusha kile cha mbele polepole, na papo hapo yatatokea mabaka ya giza na ya mwanga yaliyopangika kwa utaratibu, makubwa kuliko tundu lolote. Mchoro huo huitwa moare. Ukizungusha kwa digrii 5, kutoka baka hadi baka kuna sentimita 2 na kidogo. Ukipunguza pembe hadi digrii 1, mabaka yatatanuka hadi kuachana kwa zaidi ya sentimita 11. Jambo la kushika ni hili: pembe inapopungua, mchoro hukua.

Atomi za grafini hufuata hesabu hiyohiyo. Pembe ikiwa digrii 1.1, mchoro wa moare hujirudia kila baada ya nanomita 13 hivi, na kila chumba kimoja cha mchoro hubeba atomi zipatazo 11,000. Mahali pengine ndani ya chumba hicho atomi za tabaka la juu zimekaa moja kwa moja juu ya atomi za tabaka la chini. Mahali pengine zimepishana. Kwa elektroni inayosafiri humo, hiyo ni nchi mpya yenye mabonde na miinuko yake, ingawa hakuna atomi hata moja iliyoongezwa wala kubadilishwa.

Kwa nini digrii 1.1, wala si 3 au 10?

Hili ndilo swali linalopaswa kuulizwa kwa subira, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka hapa.

Ndani ya tabaka moja, elektroni hukimbia kwa takribani mita 1,000,000 kwa sekunde, yaani sehemu moja ya 300 ya kasi ya mwanga. Matabaka mawili yanapolaliana kwa umbali wa nanomita 0.34 hivi, elektroni hupata pia uwezo wa kuruka kutoka tabaka hadi tabaka, na nishati ya mruko huo ni kama milielektronivolti 110 (elektronivolti ni nishati ambayo elektroni hupata ikivuka volti moja, na milielektronivolti ni sehemu yake ya elfu). Lakini tabaka likizungushwa, hali za elektroni za tabaka la juu haziendani tena sawasawa na zile za tabaka la chini, na tofauti ya nishati kati yake hutegemea pembe. Kwenye digrii 5 tofauti hiyo inakaribia elektronivolti 1, ambayo ni kubwa mno mbele ya mruko, na kwa hiyo kila tabaka huishi kana kwamba liko peke yake. Kwenye digrii 1.1 tofauti imeshuka hadi milielektronivolti 200 hivi. Hapo mruko na mwendo vinakuwa na uzito unaokaribiana, vinavutana, na matokeo ya mvutano huo ni kwamba kasi ya elektroni hushuka karibu na sifuri.

Wanafizikia husema kwamba ukanda wa nishati umekuwa bapa, yaani elektroni zote zilizo katika ukanda huo zina nishati inayokaribia kuwa moja, popote zinapoelekea. Upana wa ukanda bapa ni milielektronivolti 10 hivi. Sasa linganisha na hili: elektroni mbili zilizo umbali wa nanomita 13 ndani ya kipande kama hicho husukumana kwa nishati ipatayo milielektronivolti 20. Katika metali ya kawaida elektroni hukimbia kwa nishati kubwa mno kiasi kwamba msukumano wao hauonekani sana. Hapa mwendo umekuwa mdogo kuliko msukumano, na elektroni inalazimika kumjali jirani. Mtu anayepita barabarani kwa pikipiki hasikii mazungumzo ya kandokando ya njia, ila anayetembea kwa miguu huyasikia yote.

Pembe hiyo ya takribani digrii 1.1 imepewa jina la pembe ya ajabu. Rafi Bistritzer na Allan MacDonald wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin waliikokotoa mwaka 2011, miaka 7 kabla ya maabara kuonyesha yaliyomo ndani yake. Kwangu mimi huo ni mfano safi wa hesabu iliyofanywa kwa uaminifu na kusubiri mikono iifikie.

Ni nani waliothibitisha kwa vipimo?

Ni kundi la Pablo Jarillo-Herrero katika MIT, taasisi ya teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, pamoja na Yuan Cao aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwezi wa tatu mwaka 2018 walitoa ripoti mbili kwa pamoja katika jarida la Nature. Jarillo-Herrero, Bistritzer na MacDonald walipewa Tuzo ya Wolf ya fizikia mwaka 2020.

Ripoti hizo mbili zilisema nini?

Ya kwanza ilisema kwamba grafini hii huweza kugeuka kihami mahali ambapo nadharia ya kawaida inadai iwe kipitishi. Ya pili ilisema kwamba, kwa kubadilisha kidogo tu idadi ya elektroni, kipande hichohicho hugeuka superkondakta, yaani ukinzani wake hutoweka kabisa.

Ili kuelewa la kwanza, fikiria mtaa wa Katuba ambamo kila parseli ina vyumba vinne. Katika ukanda bapa kila chumba cha moare kina nafasi za elektroni nne, kwa sababu elektroni ina spini (usumaku wake mdogo wa ndani) za aina mbili na pia hukaa katika mojawapo ya mabonde mawili ya nishati. Mbili mara mbili ni nne. Nafasi zote nne zikijaa, hakuna pa kuhamia, na kila mtu anatarajia umeme usipite. Lakini kundi la MIT lilikuta umeme haupiti hata nafasi mbili tu zilipokuwa zimejaa. Vyumba viwili viko wazi katika kila parseli, milango haijafungwa, na bado hakuna anayehama. Sababu ni kwamba mpangaji wa tatu akiingia, ugomvi wake na wale wawili hugharimu nishati kubwa kuliko faida ya kuhama. Kila elektroni inabaki kwake kwa hofu ya jirani, na kipande kizima kinakuwa kihami.

Idadi ya elektroni hubadilishwa kwa volti inayowekwa kwenye bamba lililo chini ya kipande. Hapa pana neema kubwa ya utafiti. Katika vitu vingine mtu anayetaka kubadilisha idadi ya elektroni hulazimika kutengeneza sampuli mpya yenye kemikali tofauti kila mara, kazi ya wiki nyingi. Hapa anazungusha kitufe cha volti, na katika alasiri moja anapita kutoka metali hadi kihami, hadi superkondakta, na kurudi.

Nimesoma kwamba usuperkondakta ulianza kwenye kelvini 1.7. Kwa nini dunia ilishangilia baridi kali namna hiyo?

Ni kweli kwamba kelvini 1.7 ni nyuzi 271 na nusu hivi chini ya sifuri ya Selsiasi. Usiku wa baridi wa mwezi wa saba hapa kwetu, wakati kila mtu anatafuta koti, hewa bado iko karibu na kelvini 283. Lakini joto hilo lisipimwe peke yake. Lipimwe pamoja na idadi ya elektroni zinazofanya kazi. Nafasi zikiwa zimejaa nusu, sentimita mraba moja ya kipande hiki ina elektroni kama trilioni 1.4 za ukanda bapa. Tabaka moja la atomi za shaba lenye eneo hilohilo lina elektroni huru zaidi ya mara 1,000 ya hizo. Kwa elektroni chache kiasi hicho, kelvini 1.7 ni joto kubwa, na kwa uwiano huo grafini iliyozungushwa inakaa karibu na superkondakta zenye nguvu zinazojulikana.

Sababu ya pili inatugusa watu wa mji wa shaba. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller waligundua usuperkondakta katika misombo ya oksidi ya shaba, na mwaka uliofuata msombo mmoja wa jamii hiyo, wenye itriamu na bariamu, ulifanya kazi juu kidogo ya kelvini 90, joto ambalo naitrojeni kimiminika hulifikia bila shida. Shaba tupu, ile ya mabamba yanayopita Kasumbalesa kwa malori, si superkondakta kwa joto lolote lililowahi kufikiwa. Ikiungana na oksijeni kwa mpangilio fulani, inashinda karibu zote. Kwa karibu miaka 40 wanafizikia wamejadiliana kwa nini, bila makubaliano kamili. Na katika misombo hiyo pia, usuperkondakta hutokea karibu na hali ya kihami kinachotokana na elektroni kuogopana. Ndiyo maana ripoti za 2018 ziligusa watu wengi: picha inayofanana na ile ya oksidi za shaba ilikuwa imejitokeza katika kaboni tupu, kitu chepesi zaidi kukichunguza.

Mfanano si uthibitisho, hata hivyo. Mwaka 2020 maabara kadhaa zilisogeza bamba la metali au la grafiti karibu sana na kipande ili kupunguza msukumano wa elektroni. Hali ya kihami ilidhoofika au kutoweka, lakini usuperkondakta ulibaki. Wako wanaosoma hapo kwamba mitikisiko ya kimiani, yaani ule mpangilio wa atomi, ndiyo inayoziunganisha elektroni jozi jozi, na wako wanaotafuta sababu ndani ya elektroni zenyewe.

Ikiwa elektroni zimekaribia kusimama, mkondo unapita vipi?

Swali hili liliulizwa na mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa, na nilikaa kimya kidogo kabla ya kulijibu, kwa maana ndilo swali ambalo wabobezi nao wanaliuliza.

Kwa nadharia ya kawaida, uwezo wa superkondakta kubeba mkondo hutegemea wepesi wa elektroni zake. Katika ukanda ulio bapa kabisa elektroni ni kama yenye uzito usio na mwisho, na nadharia hiyo ingesema kwamba mkondo usingepita hata kidogo. Kinachookoa ni kwamba elektroni si punje. Ni wimbi, na katika ukanda huu mawimbi hayawezi kubanwa yakae ndani ya chumba kimoja cha moare peke yake. Kila moja humwagikia kwa jirani, na sura ya kumwagika huko hubadilika kulingana na mwelekeo. Tabia hiyo huitwa jiometri ya kwanta. Kwa kuwa mawimbi yanaingiliana, jozi ya elektroni inaweza kusogea kutoka chumba hadi chumba kwa njia ya mvutano wake wenyewe, hata kama elektroni moja moja isingesogea.

Mwaka 2025 watafiti wa MIT walipima jambo hili kwa mawimbi ya maikrowevu na wakakuta kwamba uwezo wa kipande kubeba mkondo wa usuperkondakta ni kama mara 10 ya ule ambao nadharia ya kawaida ingeruhusu. Binafsi naona kipimo hicho ni miongoni mwa vilivyo muhimu zaidi katika habari hii yote, kwa sababu kinaonyesha mkondo unaobebwa na umbo la wimbi badala ya mbio za punje.

Ukinzani hubadilikaje joto linapopanda?

Katika metali za kawaida zilizopozwa sana, ukinzani hupanda taratibu mwanzoni, kisha kwa kasi zaidi. Katika grafini iliyozungushwa karibu na pembe ya ajabu, ukinzani hupanda kwa mstari ulionyooka kuanzia joto la chini sana, na mwinuko wa mstari huo ni mkali. Tabia hii huitwa metali ya ajabu, na oksidi za shaba nazo zinayo. Wengine huieleza kwa mitikisiko ya kimiani. Wengine husema kwamba elektroni zinagongana kwa kasi inayokaribia mpaka wa juu unaoruhusiwa na kanuni za kwanta.

Kuna jambo lingine la joto linaloshangaza zaidi. Mwaka 2021 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba, kwa idadi fulani ya elektroni, ukikipasha kipande joto kidogo, elektroni zilizokuwa zinatiririka hujipanga na kuganda mahali pake. Sisi tumezoea barafu inayeyuka kwa joto. Hapa spini za elektroni zilizoganda ziko huru kugeuka kila upande, na uhuru huo mkubwa wa spini ndio joto linaloupendelea.

Je, ni kweli kwamba kaboni hii inaweza kuwa sumaku?

Ndiyo, bila chuma wala kobalti yetu. Nafasi tatu kati ya nne zikijaa, na kipande kikipangwa sambamba na fuwele ya boroni naitraidi iliyo jirani yake, elektroni zote hujipanga upande mmoja na mzunguko wake huunda sumaku. Kundi la David Goldhaber-Gordon wa Stanford liliona dalili zake mwaka 2019, na mwaka uliofuata kundi la Andrea Young wa Santa Barbara lilipima ukinzani wa upande (unaopimwa kwa kukatisha njia ya mkondo) wa omu 25,813, thamani kamili inayotokana na chaji ya elektroni na konstanti ya Planck peke yake, bila uga wa sumaku wa nje. Sumaku hiyo iligeuzwa kwa mkondo mdogo wa nanoampea chache.

Vipande hutengenezwaje?

Kwa mikono yenye subira. Kipande kimoja cha grafini hupasuliwa au kukatwa katikati, nusu moja huinuliwa kwa plastiki yenye kunata iliyoshikilia boroni naitraidi, meza huzungushwa kwa digrii 1.1 au zaidi kidogo, kisha nusu ya kwanza hushushwa juu ya ya pili. Kwa kuwa nusu zote mbili zimetoka kwenye fuwele moja, pembe inajulikana tangu mwanzo. Kundi la Emanuel Tutuc wa Austin ndilo lililoonyesha njia hii mwaka 2016.

Ugumu ni kwamba matabaka hayapendi kukaa hivyo. Yakipashwa joto, huteleza na kurudi kwenye mpangilio wa asili, na pembe hupotea. Hata kipande kilichofanikiwa huwa na pembe inayotofautiana kidogo kutoka upande hadi upande, na kosa la sehemu moja ya kumi ya digrii linatosha kuharibu kila kitu. Njia moja ya kukiokoa kipande kilichokosea ni kukigandamiza: mwaka 2019 kipande chenye digrii 1.27 kiligeuka superkondakta shinikizo lilipozidi gigapaskali 1, kwa sababu matabaka yaliyokaribiana zaidi huongeza nguvu ya mruko.

Je, grafini hii itaua soko la shaba?

Hapana, na wanaowatisha vijana wetu kwa habari hiyo hawakufanya hesabu. Vipande vinavyopimwa vina upana wa mikromita chache, vinahitaji majokofu ya heliamu, na rekodi ya joto lake haijatoka mbali na kelvini 3. Waya wa umeme mkubwa unaotoka Inga hadi Kolwezi una urefu wa takribani kilomita 1,700. Hakuna njia inayojulikana ya kuunganisha vitu hivi viwili. Thamani ya grafini iliyozungushwa ni ya maarifa, na labda siku moja ya vihisi vidogo sana.

Kama mtu anataka kuona madini ya Kongo ndani ya usuperkondakta wa leo, aitazame koltani ya Kivu. Humo mna tantalamu, superkondakta chini ya kelvini 4.5, na niobiamu, iliyo superkondakta chini ya kelvini 9.2. Waya za niobiamu na titani ndizo zinazounda sumaku za mashine nyingi za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili.

Mwanafunzi asiye na maabara anaweza kufanya nini?

Anaweza kufanya mengi kuliko anavyodhani. Achore mstari mnene kwa penseli laini juu ya karatasi, aweke ncha mbili za multimita juu yake, na asogeze ncha moja polepole. Ataona kiloomu zinapanda kadiri umbali unavyoongezeka, na atakuwa amepima usafiri wa elektroni katika matabaka ya grafini kwa mkono wake. Kisha aichukue hesabu ya Bistritzer na MacDonald. Inaishia katika matriki yenye safu mia chache, na kompyuta ndogo ya kawaida huitatua kwa muda mfupi, hivyo betri iliyojaa inatosha hata umeme ukikatika mtaani. Aanze na pembe ya digrii 5, ashuke hadi 3, hadi 2, hadi 1.1, na kwa kila pembe achore ukanda ulio karibu na sifuri. Mstari ulioanza ukiwa mkali kama paa la nyumba utalala chini hatua kwa hatua mbele ya macho yake.